Mashine Iliyokuwa Ikinisabahi

Watu wananiambia nisamehe. Wamekuwa wakiniambia hivyo tangu nilipotoka eda, na baadhi yao ni watu wazima wenye heshima zao ambao siwezi kuwajibu ovyo. Basi huwa nasema inshallah, halafu naenda zangu kufungua ofisi. Sijasamehe. Shemeji yangu alifuta kitu kwenye kompyuta yangu nikiwa nimekaa eda ya kaka yake, na akacheka wakati anakifuta. Nikaapa kwamba hakifuti bure.

Ofisi yetu ilikuwa Chumbageni, chumba kimoja kinachotazama barabara, na juu ya mlango tuliandika kwa rangi ya bluu kwamba tunachapa barua, kadi na fomu za kila aina. Kabla ya hapo mume wangu alikuwa karani wa kampuni ya mkonge. Miaka ile ya dhiki, sabuni ilipokuwa ya foleni na utepe wa taipureta ukitiwa mafuta ya taa ili uandike tena, ukarani wake ulikuwa na hadhi. Kisha yakaja mageuzi. Mashamba yakapata wenyewe wapya, makarani wakapunguzwa, na kampuni ikawagawia samani wale ambao haikuweza kuwatimizia haki zao. Wenzake walichukua meza na makabati. Yeye alirudi nyumbani na kompyuta juu ya mkokoteni. Mama mkwe aliuliza kama ni televisheni, na alipoambiwa siyo, akaifunika kitambaa cha kufuma hivyo hivyo.

Kompyuta ile ya kwanza haikuwa na diski ndani yake. Ili iwake ilibidi uilishe disketi, ikikoroma na kukwaruza mpaka mfumo wote uingie. Baadaye, mipaka ilipofunguliwa na vitu vilivyotumika vikaanza kumiminika kutoka Dubai pamoja na mafriji na magodoro, tukapata ya pili yenye diski yake. Hiyo ndiyo tuliyofanyia kazi ofisini, na ile ya kwanza ikawekwa pembeni. Zote mbili ziliendeshwa na mfumo wa zamani, ule wa kioo cheusi na herufi nyeupe, usiokuwa na picha wala kipanya. Mfumo ule haukuwa na maneno mengi. Uliwaka, ukaweka kialama kinachopepesa, ukangoja uuambie unataka nini. Ukikosea herufi moja, unakwambia haukijui unachokisema, nawe unaanza upya.

Nilijifunza amri zake moja moja. Nilikuwa mtoto wa wakulima wa Maramba, nimesoma chuo cha Kurani na nimemaliza darasa la saba, na hakuna aliyetegemea kwamba nitakaa mbele ya kitu kile. Mume wangu alitegemea. Alikaa kando yangu akinifundisha, na nikikosea alikuwa akitazama dirishani ili nisione aibu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua ofisi asubuhi, kwa sababu yeye alipitia sokoni kwanza. Kwenye mfumo ule kulikuwa na faili ambalo mashine hulisoma kabla ya jambo lolote inapoamka, na unaweza kuliandikia mstari wako mwenyewe. Siku moja nikawasha, na kabla ya kile kialama kuanza kupepesa, kioo kikaandika: Subalkheri, mke wangu. Umeamkaje?

Nilitazama nyuma yangu kama kuna mtu. Nikaifunga mashine, nikaiwasha tena, ikasema vilevile. Yeye alipofika na kikapu chake sikumwambia kitu, na yeye hakuniuliza. Tuliendelea hivyo miaka yote, hatukuwahi kuuzungumza ule mstari. Lakini kila asubuhi nilipowasha, nilijibu kwa sauti ya chini kwamba nimeamka salama. Hatukujaaliwa mtoto, na nyumba ya watu wasio na mtoto huwa na ukimya wake wa asubuhi. Mstari ule uliuvunja.

Kilichotupa jina mjini kilikuwa jambo jingine. Rafiki yake mmoja, Mpemba aliyeacha karafuu akaingia biashara ya Dubai, alimletea disketi yenye programu ya kuandika herufi za Kiarabu. Programu ile iliongea moja kwa moja na printa yetu, ile ya sindano inayogonga utepe na kupiga kelele, ikaichoresha Bismillahi iliyoungana vizuri, yenye tumbo na mikia yake mahali pake. Huku kwetu kadi ya harusi isiyo na Bismillahi juu haipelekwi kwa watu. Na koo za zamani zinataka zaidi ya hapo: zinataka kadi za wazee ziandikwe Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo wazee wale walivyofundishwa kusoma. Kabla yetu kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, kadi baada ya kadi. Sisi tulikuwa tunaitoa kwa mashine. Ikifika Rajabu na Shaabani, watu wanapokimbilia kuozesha kabla ya mfungo, mlango wetu haukupata nafasi ya kufungwa.

Kisha ukaingia mjini ule mfumo mpya, wa madirisha na picha. Mume wangu aliuona kwenye ofisi moja kule Raskazone, akarudi macho yamemtoka.

"Unaona kwenye kioo kile kile kitakachotoka kwenye karatasi," aliniambia. "Ukitaka herufi nene, unaiona nene. Ukitaka ua pembeni, unalichukua na kipanya unaliweka."

"Na programu ya Kiarabu?"

"Hiyo ndiyo sijui."

"Na printa?"

"Mfumo mpya lazima utambulishwe kwa printa. Printa yetu haujapata kuisikia."

Basi tukawa tunaupima, alasiri wateja wakipungua, yeye upande wake na mimi upande wangu. Yeye alisema vijana wote watajifunza ule mpya, na ipo siku tutakosa hata mtu wa kutusaidia. Ilikuwa kweli. Mimi nilisema ule mpya unakula kumbukumbu, mashine yetu itakwenda kama imebeba gunia. Hilo nalo lilikuwa kweli. Alisema barua za maofisini zitatoka na sura nzuri zaidi. Nikamkumbusha mgao wa umeme: mfumo wetu umeme ukikatika na kurudi, unawasha unaendelea, lakini ule wa Raskazone ukikatiwa umeme unarudi na kinyongo, unajikagua kwanza diski nzima wakati mteja amesimama. Alicheka, akasema mfumo ule umeshaniambukiza mimi kinyongo chake. Mwisho tukakubaliana kwamba tutaubadilisha, ila si kabla ya msimu wa harusi kupita, na si kabla hatujapata njia ya kuihamisha ile programu. Tutangoja Mfungo Mosi, baada ya Idi.

Hakuifikia Mfungo Mosi. Alianguka msalani asubuhi moja ya Mfungo Tisa, kabla hata Rajabu haijaandama, na mpaka wanamfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Nikavishwa nguo nyeupe, nikaingizwa eda katika chumba chetu, nyumbani kwa mama mkwe.

Shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimama siku ya kuondoa tanga. Alikuwa amepunguzwa kazi bandarini mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa akizunguka mjini na briefkesi isiyokuwa na kitu ndani. Nikamsikia nikiwa nyuma ya pazia. Alisema shemeji yake asisumbuliwe na jambo lolote la nje. Alisema sharia ni sharia, mlango wake usikanyagwe na mwanamume, hata yeye mwenyewe asiukanyage mpaka eda iishe. Wazee wakamsifu. Halafu akaomba funguo za ofisi, ili kazi ya marehemu isilale.

Nilizitoa funguo kwa mkono wangu, nikampa mama mkwe ampelekee. Nilidhani ananisitiri.

Haikupita muda mrefu. Mama mkwe aliingia chumbani na uji wangu, akakaa kitandani, akawa ananieleza habari za nje kama alivyozoea, kwa sababu aliona haya kuniacha peke yangu. Ni mwanamke mwema. Hakujua anachonieleza.

"Shemejiyo ameita fundi kutoka Dasalama," alisema. "Mashine imetiwa ule mfumo wa kisasa. Yuwasema ile ya zamani ilikuwa ushamba mtupu."

Nikaweka bakuli chini. "Wametia juu ya ule wa zamani?"

"Wameufuta wote, mwanangu. Yule fundi amesema lazima diski isafishwe kwanza." Akatabasamu kidogo. "Tena wamecheka sana. Yasemwa walipoiwasha, mashine ikamwita shemejiyo 'mke wangu'. Ikamuuliza ameamkaje. Akamwambia fundi, hebu nitolee huyu mume. Wakacheka wao."

Sikulia. Nilikuwa nimeshalia sana mwezi ule na macho yalikuwa makavu. Kichwa kikatulia, kikawa cheupe kabisa. Kufiwa kulikuwa kazi ya Mungu, nami sikuwa na ugomvi na Mungu. Hii ilikuwa kazi ya mtu mwenye jina, mwenye viatu, ninayeijua nyumba yake. Nilishukuru, kusema kweli. Nilikuwa nimepata pa kuelekeza uchungu wangu.

"Na mimi nikitoka eda?" nikamuuliza. "Amesema nitafanya nini?"

Mama mkwe akatazama sakafu. "Yuwasema utapumzika. Yuwasema kwenu Maramba pana hewa nzuri."

Hapo nikajua mchezo wote. Mfumo wa zamani niliujua mimi, yeye hakuujua. Mfumo mpya hakuna kati yetu aliyeujua, lakini yeye alikuwa na fundi na miezi mizima ya kujifunza, wakati mimi nimekaa chumbani na tasbihi. Nitakapotoka nitaikuta mashine yangu haiijui sauti yangu, na yeye ataonekana ndiye mwenye kazi. Atanigawia changu katika mirathi kwa upole sana, mbele ya watu, na nitapandishwa gari la kwenda kulima mahindi kwa kaka yangu. Hakuninyang'anya ofisi. Aliiboresha tu.

Siku chache baadaye ulikuja mkokoteni uani. Shemeji alikuwa anapisha nafasi ya meza na printa mpya, akaleta takataka nyumbani: ile kompyuta ya kwanza isiyokuwa na diski, printa ya sindano ambayo mfumo mpya uliikataa, na katoni ya tepe zake. Mama mkwe alitaka viwekwe karibu na banda la kuku.

"Naomba viingie kwangu," nilisema. "Ni mikono yake iliyovigusa."

Hakuna anayemnyima mjane kitu cha marehemu. Vikaingia. Vikakaa pembeni ya kitanda, vikafunikwa kile kitambaa cha kufuma.

Sasa niseme jambo ambalo shemeji hakulijua kwa sababu hakuwahi kuuliza. Mume wangu hakuamini kuacha nakala za disketi ofisini, kwa ajili ya vumbi na joto. Nakala zote zilikaa nyumbani, kwenye bati la biskuti, kabatini, chini ya kanga zangu. Disketi ya mfumo wa zamani ilikuwamo, mfumo mzima kwenye disketi moja. Programu ya Kiarabu ilikuwamo. Mstari wangu wa asubuhi haukuwamo, kwa sababu uliandikwa kwenye diski ya mashine ya ofisini na haukunakiliwa popote. Niliutafuta. Nilizilisha zote, moja baada ya nyingine, na zote zikaniwekea kioo cheusi na kialama kinachopepesa.

Nikazirudisha kwenye bati, nikasubiri. Shaabani ilikuwa inakaribia.

Kadi ya kwanza aliyoitengeneza shemeji aliileta mama mkwe, kwa fahari, maana yule ni mtoto wake pia. Ilikuwa kielelezo tu kabla hawajachapa zote. Kulikuwa na waridi pembe zote nne, na herufi za jina la bibi harusi zilikuwa zimepinda kwa madaha. Ilipendeza, sitasema uongo. Mume wangu angeipenda. Kisha nikatazama juu.

Yule fundi alileta herufi za Kiarabu, lakini alileta herufi peke yake, bila ujuzi wa kuziunga. Mfumo ule haukujua kwamba maandishi hayo huanzia kulia. Bismillahi ilikuwa imesimama herufi moja moja, kila moja imeachana na mwenzake kama watu waliogombana, na zote zimekwenda kinyumenyume, mwisho ukiwa mwanzo. Na ukoo wenyewe ulikuwa wa kutaka kadi za wazee za Kiarabu kuanzia juu mpaka chini, nazo zote zingetoka hivyo.

"Mwambie hii haisomeki," nilimwambia mama mkwe. "Herufi zimekatika na zimegeuka. Mwambie asichape."

Alikwenda, akarudi. Alikuwa amefedheheka kidogo.

"Amesema upumzike," aliniambia. "Amesema makosa yalikuwa ya mfumo wa zamani, huu mpya haukosei."

Alisoma chuo cha Kurani kama tulivyosoma sote. Angeitazama ile kadi kwa makini hata kidogo, angeiona. Lakini alikuwa anatazama waridi. Nilikuwa nimesema, na aliyeupeleka ujumbe wangu alikuwa mama yake mzazi. Nikakunja mikono.

Kadi zilisambazwa mjini kote. Nilizipata habari zake chumbani, kwa sababu mjane wa eda hutembelewa na wanawake kutwa, na hakuna gazeti linaloshinda wanawake waliokaa mkekani. Wazee walizipokea, wakavaa miwani, wakavua miwani. Waliojaribu kuzisoma walisema ni kama mtu aliyemwaga herufi sakafuni. Lililowashinda zaidi ni namna ya kuzitupa. Kuchana karatasi yenye herufi za jina la Mungu hawawezi, na kuiweka nyumbani ikiwa imegeuzwa hivyo hawataki. Maalimu wa msikiti ikabidi apitishe kapu, azikusanye, azichome kwa adabu na kuyafukia majivu mahali pasipokanyagwa. Harusi ya watu, kadi zake zikazikwa kabla ya siku.

Mama wa bibi harusi akaja kwangu. Alikaa mkekani bila kuvua buibui, kadi mkononi.

"Mwenzangu nimeadhirika," alisema. "Wakwe wangu wauliza kama twawafanyia uchawi. Marehemu alinichapia za mtoto wa kwanza, zikatoka kama zimeandikwa na malaika. Hii n'nini?"

"Huo ni mfumo mpya," nikasema. "Ule wa zamani uko hapa."

Nikavuta kile kitambaa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alitazama mashine, akanitazama mimi na nguo zangu nyeupe. Nikadhani atanizuia, maana atakayeaibika ni mwanawe. Akauliza kitu kimoja tu, kama yafaa mwenye eda kufanya kazi. Akajitanda ukaya wake kichwani, akaenda kumuuliza maalimu mwenyewe, na maalimu, ambaye moshi wa zile kadi ulikuwa bado kwenye kanzu yake, akasema kazi ya mikono ya mwanamke ndani ya chumba chake haikukatazwa na mtu.

Nikailisha disketi. Mashine ikakoroma, ikawaka. Nikaandika amri, na vidole havikuwa vimesahau hata moja. Printa ilipoanza kupiga kelele zake, nyumba nzima ilisikia, na barabarani walisikia. Mama wa bibi harusi alishika kadi ya kwanza, akaisoma kuanzia kulia, midomo ikitembea, akaibusu. Haikuwa na waridi hata moja.

Baada ya hapo walikuja wote. Wanawake ndio wanaoshughulika na harusi, na wanawake ndio pekee walioruhusiwa kunijia, kwa hiyo eda yangu ikawa mlango wa duka. Walikuja na majina ya wageni ndani ya mikoba, wakakaa mkekani, wakasoma fatiha kwanza kama inavyopasa, kisha wakatoa kazi. Kabla ya mfungo nilichapa ratiba ya kufuturu ya msikiti, kwa Kiarabu upande mmoja. Umeme ulikatika, ukarudi, nikawasha nikaendelea. Na kule ofisini, niliambiwa, mashine mpya ilikuwa ikijikagua diski mbele ya viti vitupu.

Shemeji alikuja uani siku moja ya Ramadhani, baada ya adhuhuri. Nilimsikia akimwambia mama yake kwamba ile mashine ni mali ya ofisi na anataka kuichukua.

"Kachukue," mama mkwe akamwambia. "Iko chumbani kwa mwenye eda."

Akaja mpaka kwenye pazia, akasimama. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, karibu kiasi cha kusikia anavyovuta pumzi. Mlango usikanyagwe na mwanamume, hata yeye mwenyewe. Wazee walikuwa wamemsifu kwa maneno hayo.

"Shemeji," aliniita kwa ile sauti yake ya matanga. "Hiyo disketi ya Kiarabu tu. Nipe tuifanyie nakala, tufanye kazi pamoja. Sisi ni wamoja."

Sikujibu. Mwenye eda halazimiki kuongea na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, na mimi nilikuwa nimeamua kuwa mcha Mungu kweli kweli. Nikabonyeza kibodi. Printa ikaanza kugonga. Aliendelea kuongea, nami nikaiacha igonge mpaka akachoka, na sijapata kufurahia kelele ya kitu chochote duniani kama nilivyoifurahia ile.

Eda iliisha Mfungo Mosi. Nikaogeshwa, nikavishwa kanga mpya, na wazee wa ukoo wakakaa sebuleni kwa ajili ya mirathi. Shemeji alianza kwa maneno mazuri. Alisema ameiboresha ofisi, sasa ina thamani, na mimi nipewe haki yangu kamili nikapumzike. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikang'aa. Mzee mmoja akamuuliza ni kadi ngapi zilizotoka katika ofisi hiyo tangu Shaabani. Akasema watu hawajazoea. Hapo mama mkwe akasema kwamba fungu lake katika kila kilichoachwa ndani ya ofisi ile analiweka pamoja na langu. Hakumtazama mwanawe. Mafungu yetu mawili yakaulemea upande wa shemeji, na funguo zikarudi mkononi mwangu mbele ya wote.

Ningeweza kumfukuza, na hapo ndipo watu wanaposema nilikuwa na roho nzuri, kwa kuwa nilimwacha abaki kufanya kazi. Hawajui. Mfumo mpya ulikuwa na faida zake, mume wangu hakukosea: barua za maofisini zilitoka nzuri, maua yalipendeza kwenye kadi za wasiojali Kiarabu, na vijana walikuwa wakiujua huo huo. Nikaiacha mashine ya ofisini nao, nikaiweka ile ya kwanza kando yake na mfumo wake wa zamani. Shemeji akakaa kwenye mpya. Tangu wakati huo mifumo mingine imekuja na kupita, kila mmoja unasifiwa kuliko uliotangulia. Anayeniletea huwa simuulizi unaleta nini, atanieleza mwenyewe bila kuombwa. Namuuliza unafuta nini.

Siku ile ya wazee nilisema nina sharti moja tu. Nilisema mimi ndiye nitakayefungua ofisi, na yeye kila asubuhi akifika, kabla hajagusa kitu chochote, atasimama mlangoni anisabahi, na aniulize nimeamkaje. Wazee walilipenda sana. Walisema hiyo ndiyo adabu ya nyumba. Yeye alitazama huku na huku akitafuta mtego uko wapi, na kwa kuwa hakuuona, akakubali.

Anaingia mpaka leo, amenenepa, nywele zimeanza mvi. Anasimama kizingitini na briefkesi yake. "Subalkheri, shemeji. Umeamkaje?" Mimi huwa nimeshawasha mashine ya zamani, na kioo ni cheusi, na kialama kinapepesa. Ningeweza kuuandika ule mstari tena, amri yake naijua, ni kazi ya dakika moja. Lakini ungekuwa umeandikwa na mimi.

Simjibu upesi. Namwacha asimame kidogo pale mlangoni, huku nikitazama kioo. Asubuhi nyingine ananiuliza mara ya pili, akidhani sikusikia.